Haki Iliyowekwa Rehani: Uchambuzi wa Kisa cha Barakah na Ahadi ya Kutorutubisha Urani

Tarehe 17 Desemba 2009 ulianza kutumika mkataba wa ushirikiano wa nyuklia kati ya Marekani na Umoja wa Falme za Kiarabu, nchi ambayo kuanzia hapa nitaiita Imarati kwa ufupi. Siku kumi baadaye, tarehe 27, Abu Dhabi ikatangaza kwamba zabuni ya kujenga vinu vinne vya umeme wa nyuklia, ambavyo leo vinajulikana kwa jina la Barakah, imekwenda kwa kampuni ya umeme ya Korea Kusini, KEPCO, kwa takriban dola bilioni 20. Siku hizo kumi ndizo zilizonifanya nikichague kisa hiki. Mnunuzi alikuwa Mwarabu na muuzaji Mkorea, lakini mlango ulifunguliwa na Mmarekani, na kilicholipiwa mlangoni hakikuwa fedha. Imarati iliahidi kisheria kwamba haitarutubisha urani katika ardhi yake wala kuchakata upya mafuta ya nyuklia yaliyokwisha tumika.

Hakuna nchi iliyokuwa imewahi kuandika ahadi ya namna hiyo katika mkataba wa aina hii na Marekani. Wengi waliisifu wakaiita kipimo cha dhahabu. Wengine waliiona kama kunyenyekea kusiko na sababu. Nadhani pande zote mbili hazikuisoma vizuri, na uchambuzi huu unajaribu kueleza kwa nini. Nchi zinatajwa kwa majina kwa kuwa mikataba yenyewe iko hadharani, ila maofisa walioketi mezani hawatajwi, kwa sababu somo liko katika maamuzi na halihitaji majina yao.

Mandharinyuma

Lazima kwanza tuelewe kwa nini mtu anayetaka umeme aulizwe habari za bomu.

Urani inayochimbwa ardhini ina asilimia 0.7 tu ya aina ile inayopasuka kwa urahisi, yaani urani-235. Vinu vingi vya umeme vinahitaji kiwango hicho kipandishwe hadi kati ya asilimia 3 na 5. Bomu linahitaji takriban 90. Kupandisha kiwango ndiko kunakoitwa kurutubisha, na chombo kinachotumika zaidi siku hizi ni sentrifuji, silinda inayozungusha gesi ya urani kwa kasi kubwa mno ili chembe nzito zijitenge na nyepesi. Tatizo zima liko hapa: sentrifuji zinazotengeneza mafuta ya kinu ndizo hizo hizo zinazoweza kutengeneza mali ya bomu. Tena, kwa namna hesabu ya kazi hiyo ilivyo, ukifika asilimia 5 zaidi ya theluthi mbili ya kazi yote ya kufikia 90 imekwisha fanyika. Safari ndefu ni ile ya mwanzo, na ndiyo inayoitwa ya amani.

Njia ya pili inapitia mafuta yaliyokwisha tumika. Ndani yake kuna plutoniamu iliyozaliwa kinu kikiwaka. Mwenye kiwanda cha kuchakata upya anaweza kuitenga. Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, IAEA, huhesabu kwamba kilo 8 za plutoniamu, au kilo 25 za urani-235 iliyorutubishwa sana, ni kiasi ambacho kikipotea haiwezi kusemwa kwamba bomu moja haliwezekani.

Kinu chenyewe, basi, si cha kuogopwa sana kwa upande huu. Kinachoogopwa ni viwanda viwili vinavyokizunguka, kimoja mbele yake na kingine nyuma.

Dunia ilijifunza hilo kwa gharama. Mwaka 1953 rais wa Marekani, Dwight Eisenhower, alisimama mbele ya Umoja wa Mataifa akapendekeza atomu itumike kwa amani, na IAEA ikaanzishwa mwaka 1957. Vinu vya utafiti vikagawiwa huku na huko kwa ahadi nyepesi. Mei 1974 India ililipua kifaa cha nyuklia jangwani Rajasthan kwa plutoniamu iliyotoka katika kinu kilichotolewa na Kanada, huku maji mazito, aina ya maji inayotumika katika kinu cha namna hiyo, yakiwa yametoka Marekani. Ahadi ya matumizi ya amani ilikuwapo. India ikasema mlipuko wenyewe ulikuwa wa amani. Baada ya hapo nchi zinazouza teknolojia hiyo zikaunda kundi la kuratibu masharti ya mauzo, na mwaka 1978 Marekani ikakaza kifungu cha 123 cha Sheria yake ya Nishati ya Atomiki. Tangu hapo, nchi inayotaka vinu, mafuta au vipuri vikuu vya nyuklia vya Kimarekani sharti kwanza ifunge nayo mkataba unaotimiza masharti tisa.

Lakini Mkataba wa Kuzuia Kuenea kwa Silaha za Nyuklia, ulioanza kutumika mwaka 1970, unasema jambo jingine ambalo nchi zinazoendelea hulishika kama mboni ya jicho. Kifungu chake cha nne kinatambua haki isiyoondoleka ya kila nchi mwanachama kutumia nguvu za nyuklia kwa amani. Kurutubisha hakutajwi kwa jina, wala hakukatazwi. Kwa nchi kama Iran haki hiyo inabeba urutubishaji ndani yake. Kwa Washington haibebi. Mabishano hayo hayajamalizika hadi leo.

Imarati iliingia katika uwanja huo ikiwa na doa. Oktoba 2003 meli iliyobeba vipuri vya sentrifuji ilizuiwa ikiwa njiani kwenda Libya. Vipuri vilikuwa vimetengenezwa Malaysia, vikapitia Dubai. Miezi michache baadaye Abdul Qadeer Khan, mhandisi aliyesifika kwa bomu la Pakistan, alikiri kwenye televisheni kwamba aligawa siri za nyuklia, na ikawa wazi kwamba mtandao wake ulikuwa umeifanya Dubai duka lake la kupitishia mizigo. Bandari iliyo wazi kwa kila mfanyabiashara, ambayo watu wetu wa pwani wanaijua vizuri kwa magari na bidhaa za rejareja, ilikuwa wazi vilevile kwa biashara hiyo. Mwaka 2007 Imarati ilitunga sheria ya kudhibiti bidhaa zinazosafirishwa nje, na doa likabaki.

Na umeme ulikuwa unahitajika kweli. Waraka wa sera wa serikali wa Aprili 2008 ulikadiria kwamba mahitaji ya kilele yangepita megawati 40,000 ifikapo mwaka 2020, wakati gesi iliyotarajiwa kupatikana ingetosha kuzalisha megawati 20,000 hadi 25,000 tu. Nchi ya mafuta ilikuwa inaishiwa gesi ya kuwashia viyoyozi na mitambo ya kusafisha maji ya bahari.

Mfuatano wa matukio

Desemba 2006 nchi za Baraza la Ushirikiano la Ghuba zilitangaza kwamba zingechunguza kwa pamoja uwezekano wa umeme wa nyuklia. Imarati haikusubiri wenzake. Januari 2008 ilitia saini makubaliano ya ushirikiano na Ufaransa, na Aprili ikatoa waraka wake wa sera ikitangaza humo kwamba haitarutubisha wala kuchakata upya. Itazame tarehe hiyo vizuri. Mkataba na Marekani ulikuwa haujaandikwa bado.

Agosti mwaka huo huo iliahidi dola milioni 10 kwa ajili ya hazina ya mafuta ya nyuklia itakayosimamiwa na IAEA, ambayo nchi iliyokatiwa mafuta kwa sababu za kisiasa ingeweza kuikimbilia.

Mkataba na Marekani ulitiwa saini tarehe 15 Januari 2009, siku chache kabla George W. Bush hajaondoka madarakani. Serikali ya Obama ilipoingia haikuupeleka mbele kama ulivyo. Maandishi yakakazwa, ahadi ya kutorutubisha ikaingizwa ndani ya vifungu vyenye nguvu ya kisheria, na saini mpya zikawekwa tarehe 21 Mei. Kwa utaratibu wa Marekani mkataba wa namna hii haupigiwi kura ya kuukubali. Unalala mbele ya Kongresi kwa siku za vikao zilizowekwa, na usipopingwa unapita. Wabunge waliuliza maswali makali kuhusu bidhaa zinazopitia Dubai kwenda Iran, na mkanda wa video ya mateso uliovuja kutoka Abu Dhabi wakati huo ulichelewesha mambo. Haukupingwa.

Kabla mwaka kwisha Imarati ilikuwa pia imetunga sheria yake ya nyuklia, Sheria ya Shirikisho namba 6 ya 2009, iliyounda mamlaka huru ya udhibiti na kupiga marufuku viwanda vya kurutubisha na kuchakata upya nchini. Kisha zikaja zile siku kumi za Desemba. Itifaki ya Ziada ya IAEA, inayowapa wakaguzi nafasi pana zaidi ya kuuliza na kuingia, ilianza kutumika Desemba 2010. Julai 2012 leseni ya ujenzi ilitolewa na zege la kwanza likamwagwa Barakah, ufukweni magharibi mwa Abu Dhabi. Mwezi uliofuata ikasainiwa mikataba sita ya mafuta yenye thamani ya takriban dola bilioni 3, na kampuni za nchi mbalimbali.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi ulio mzito kuliko yote ulikuwa wa kuahidi kabla ya kuombwa. Mtu aweza kuuliza kulikuwa na haraka gani. Mbinu ya kawaida ya sokoni ni kuficha unachoweza kukiacha hadi mwenzako akibane. Imarati ilifanya kinyume, na nadhani ilikuwa na sababu tatu. Doa la Dubai lilihitaji kufutwa kwa kitendo, kwa sababu maneno ya kidiplomasia yasingetosha mbele ya wabunge waliokuwa na kumbukumbu ya ile meli. Pili, kiuchumi haki hiyo haikuwa na faida kubwa kwao: nchi haina migodi ya urani, na kiwanda cha kurutubisha kwa ajili ya vinu vinne hakilipi hata kidogo wakati soko la dunia lina wauzaji wanaogombania wateja. Tatu, ng'ambo ya Ghuba ilikuwako Iran, ambayo kiwanda chake cha kurutubisha cha Natanz kilifichuliwa mwaka 2002. Imarati ilitaka dunia ione tofauti kati ya nyumba hizo mbili.

Hapa nina jambo la kusema juu ya neno "kuacha". Ripoti nyingi zinasema Imarati iliacha haki yake. Ukisoma maandishi yaliyoambatana na mkataba utakuta kipengele kinachosema hivi kwa maana: endapo Marekani itaipa nchi nyingine ya Mashariki ya Kati, isiyo na silaha za nyuklia, mkataba wenye masharti nafuu zaidi, Imarati inaweza kuomba mazungumzo mapya ili nayo ipate masharti sawa. Hiyo haiitwi kuacha. Kwa Kiswahili tunalo neno lake kamili, nalo ni rehani. Anayeweka rehani shamba bado ni mwenye shamba. Amelitoa mkononi kwa muda, akapewa kitu, na liko sharti la kulirudisha. Wapatanishi wa Abu Dhabi waliweka haki yao rehani, wakachukua vinu.

Kwa nini Marekani ilikuwa na ufunguo wakati muuzaji alikuwa Korea? Kinu cha Kikorea cha APR1400 kilikuzwa kutoka katika usanifu wa Kimarekani. Korea isingeweza kukiuza bila idhini ya Washington, na idhini isingetoka bila mkataba wa kifungu cha 123. Wanafunzi wengi wa mambo haya huruka kipande hiki. Ushawishi wa nchi katika biashara ya nyuklia haukai kwa muuzaji peke yake. Unatembea pamoja na michoro na vipuri, hata vikipita mikono mitatu.

Uamuzi wa Marekani wa kusaini upya ulikuwa na maana kubwa kuliko ilivyoonekana siku ile. Ahadi ikiwa katika waraka wa sera inaweza kubadilishwa na waziri mpya. Ikiwa ndani ya kifungu, kuivunja kunaipa Marekani haki ya kusitisha ushirikiano na kudai irudishiwe vifaa na mafuta. Ikiwa pia katika sheria ya nchi, anayetaka kuivunja lazima kwanza aibadilishe sheria mbele ya macho ya watu. Ahadi ni deni, wahenga wamesema, lakini deni lisilo na mdai husahaulika. Hapa wadai walikuwa watatu: sheria ya nyumbani, Marekani, na wakaguzi wa IAEA wenye Itifaki ya Ziada mkononi.

Mafuta nayo yalifikiriwa mapema. Badala ya kufungwa na muuzaji mmoja, shirika la nyuklia la Imarati liligawa kazi kwa kampuni sita, kuanzia urani ghafi, ubadilishaji wake kuwa gesi, hadi urutubishaji, na walikuwamo Warusi, Wafaransa, Waingereza na wengine. Mikataba hiyo ililenga kulisha vinu kwa miaka 15. Nchi isiyorutubisha haiwezi kulala usingizi kama mafuta yake yote yako mkononi mwa mtu mmoja, na huu ndio uamuzi ninaouheshimu zaidi, ingawa hausifiwi sana.

Kuhusu watu, Imarati haikuona haya kuajiri wageni. Mkurugenzi mkuu wa kwanza wa mamlaka ya udhibiti alitoka Marekani, na baraza la kimataifa la washauri likaongozwa na Hans Blix, aliyewahi kuwa mkurugenzi mkuu wa IAEA.

Matokeo

Kinu cha kwanza kilikusudiwa kuanza mwaka 2017. Kilichelewa miaka mitatu, kwa sehemu kubwa kwa sababu waendeshaji hawakuwa wamekamilisha mafunzo na leseni zao, na mamlaka haikukubali kuwaruhusu kabla ya wakati. Mafuta yaliwekwa ndani Machi 2020 na umeme ukaingia gridi Agosti mwaka huo. Kinu hicho kikaanza kazi ya kibiashara Aprili 2021, cha pili Machi 2022, cha tatu Februari 2023, na cha nne Septemba 2024. Vyote vinne vina uwezo wa megawati 5,600 hivi, na vinatoa kama robo ya umeme wa nchi. Ni kituo cha kwanza cha umeme wa nyuklia katika ulimwengu wa Kiarabu.

Hakuna sentrifuji moja iliyofungwa. Wakaguzi wanaingia. Hazina ya mafuta iliyochangiwa mwaka 2008 ilizinduliwa Kazakhstan mwaka 2017, na mafuta yake yakawasili 2019.

Kilichofanya kazi

Ushirikiano huu ulizaa matunda kwa sababu ulijibu maswali mawili pamoja: nchi itapata wapi mafuta, na jirani atajuaje kwamba mafuta hayo hayaendi kwingine. Mara nyingi wazungumzaji wa kuzuia silaha huleta swali la pili tu mezani, wakashangaa kwa nini mwenzao amenuna. Mwenye njaa ukimwambia asilime mtama kwa kuwa mtama hutengenezea pombe, sharti umwonyeshe unga. Mikataba sita ya mafuta na ile hazina ya Kazakhstan ndiyo iliyokuwa unga.

La pili ni mpangilio. Sera, mchango, mkataba, sheria, zabuni, itifaki, leseni, zege. Kila hatua ilikuwa imeegemea iliyotangulia, na hakuna iliyoruka foleni. Hata ucheleweshaji wa miaka mitatu nauweka upande huu wa daftari. Mamlaka changa, iliyoundwa na serikali iliyokuwa na hamu kubwa ya kuona taa zikiwaka, ilithubutu kusema bado. Mkaguzi wa kimataifa anayeangalia nchi kama hiyo anajua kwamba hesabu za mafuta anazopewa zimetoka kwa watu waliozoea kukataa.

Kilichokwama

Kilichokwama ni jaribio la kuifanya ahadi hii iwe kanzu ya kila mtu.

Baada ya 2009 sauti nyingi Washington zilitaka kila mkataba mpya wa kifungu cha 123 uwe na maneno yale yale ya Imarati. Yordani ilikataa. Tofauti na Imarati, Yordani ina urani yake ardhini, na viongozi wake waliona si haki kujifungia mlango ambao mkataba wa kimataifa umeuacha wazi. Vietnam ilisaini mwaka 2014, lakini nia yake ya kutegemea soko la kimataifa iliwekwa katika utangulizi bila nguvu ya kisheria. Taiwan ilikubali ahadi yenye nguvu katika mkataba ulioanza kutumika mwaka huo huo, ila hali ya Taiwan kisiasa haifanani na ya nchi yoyote nyingine. Saudi Arabia imezungumza na Marekani kwa zaidi ya muongo mmoja bila kutaka kusema maneno yale, na mwaka 2018 mwana mfalme wake alisema hadharani kwamba Iran ikiunda bomu, nao watafuata haraka iwezekanavyo.

Kosa liko wapi? Wasemaji wa kipimo cha dhahabu walichukua ahadi iliyotolewa na mwenyewe wakaigeuza kuwa sharti la mwingine. Kwa Imarati ilikuwa njia ya kujisafisha na ya kupata vinu kwa haraka, ikiwa na kipengele cha kurudisha rehani. Walipoipeleka kwa Yordani walipeleka gharama bila kujali kwamba faida hazikuwa sawa. Na katika ulimwengu ambao Urusi inajenga vinu Uturuki, Misri na Bangladesh bila kudai sharti hilo, mnunuzi aliyekatazwa duka moja anavuka barabara. Misri, kwa mfano, haijaweka saini Itifaki ya Ziada, na ujenzi wa kinu cha kwanza El Dabaa ulianza mwaka 2022 hata hivyo. Sisemi hivyo kuwashutumu Wamisri. Nasema kwamba kadiri Marekani ilivyojiondoa kwenye biashara kwa kushikilia sharti, ndivyo ilivyojiondoa pia kwenye nafasi ya kuwa mdai.

Kisha ikaja Iran. Makubaliano ya Julai 2015 kati yake na mataifa makubwa yaliiwekea mipaka mikali: urutubishaji usizidi asilimia 3.67, akiba isizidi kilo 300, na wakaguzi wengi kuliko popote. Kwa lengo la kuzuia bomu yalikuwa makubaliano mazuri, na kuvunjwa kwake na Marekani mwaka 2018 kulileta hasara tunayoiona: kufikia Aprili 2021 Iran ilikuwa inarutubisha hadi asilimia 60. Lakini tazama jambo hilo kutoka Abu Dhabi. Nchi iliyoficha viwanda vyake iliruhusiwa kurutubisha, na nchi iliyojitangaza wazi imefungwa isifanye hivyo. Baadaye mwaka 2015 mwenyekiti wa kamati ya mambo ya nje ya Baraza la Wawakilishi la Marekani alieleza kwamba balozi wa Imarati alimwambia nchi yake haijioni tena imefungwa na ahadi ile. Imarati haikuchukua hatua yoyote ya kuivunja. Hata hivyo maneno hayo yalionyesha kwamba mwenye shamba hakusahau kuwa lilikuwa rehani.

Udhaifu huu unatokana na mpango wenyewe. Ahadi iliyofungwa na nchi mbili inategemea yanayofanywa na nchi ya tatu, ambayo haikuwa mezani. Njia ya kuuziba imependekezwa mara nyingi tangu miaka ya 1970: kiwanda cha kurutubisha kinachomilikiwa na nchi kadhaa pamoja chini ya macho ya IAEA, ili haki isiwe ya mmoja wala isinyimwe mmoja. Kwa maoni yangu ndiyo njia pekee inayoheshimu kifungu cha nne bila kujidanganya kuhusu sentrifuji. Kwa Ghuba, yenye Iran upande mmoja na Waarabu upande wa pili, ingekuwa kazi ngumu sana, na bado ni nyepesi kuliko kila mmoja kuchimba handaki lake.

Kisa hiki kikiletwa kwetu

Afrika Mashariki haisomi habari hizi kama mtazamaji. Kenya imekuwa na wakala wa umeme wa nyuklia na ilichagua Uyombo, Kilifi, kuwa eneo la kufikiriwa, na wakazi wa huko wakaandamana kulipinga. Uganda imeitaja Buyende. Tanzania ina urani Mkuju, Namtumbo. Itifaki ya Ziada ilianza kutumika Tanzania mwaka 2005, Uganda 2006 na Kenya 2009, kwa hiyo kwa upande wa ukaguzi nchi zetu zilitangulia hata Imarati. Na Mkataba wa Pelindaba, unaoifanya Afrika eneo lisilo na silaha za nyuklia, ulianza kutumika Julai 2009 pale Burundi ilipouridhia ikiwa nchi ya 28. Ilikuwa miezi mitano kabla ya zile siku kumi za Abu Dhabi.

Siku muuzaji wa kinu atakapoketi na wapatanishi wetu, swali la kurutubisha litaletwa. Kwa Kenya, isiyo na migodi ya urani inayojulikana kibiashara, hesabu inafanana na ya Imarati, na rehani haitakuwa ghali. Kwa Tanzania ni tofauti. Nchi inayohimiza madini yaongezewe thamani nyumbani kabla ya kusafirishwa itaona urutubishaji kama hatua inayofuata baada ya kinu cha kusagia mawe, hoja ile ile ya Yordani. Wapatanishi wanaojua tofauti hiyo watadai kitu kinacholingana na wanachokiweka mezani: mafuta ya uhakika kutoka kwa wauzaji zaidi ya mmoja, mafuta yaliyotumika yachukuliwe na aliyeyauza, wahandisi wafunzwe, na kipengele cha usawa kama kile cha Abu Dhabi kikiwataja majirani. Wasiojua watachagua kati ya kukataa kwa hasira na kukubali kwa haraka.

Mkataba wa 2009 ulifungwa kwa miaka 30. Utafika ukingoni Desemba 2039. Vinu vya Barakah vimesanifiwa kuishi miaka 60, kwa hiyo siku hiyo cha kwanza kitakuwa kimebakiza zaidi ya miaka 40 ya kuwaka, na kila baada ya mwaka na nusu hivi kitahitaji mafuta mapya kutoka kwa mtu aliyeyarutubisha.